Mayi Inasimama

Mchungaji alisema maua. Alisimama mbele ya jeneza la shangazi yangu Orpa, hapa Butembo, mbele ya watu zaidi ya mia, akafungua karatasi yake akasoma kwamba dada yetu alikuwa mshonaji hodari wa maua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na damu ikanipanda kichwani. Maua! Shangazi hakushona ua hata moja tangu mwaka wa sitini. Akiingia nyumba ya watu akakuta kitambaa cha waridi mezani, alikuwa anatazama ukutani mpaka chai iishe.

Maisha yake yote alishona kitu kimoja: bahari. Bahari iliyosimama wima, na mtu mmoja amesimama juu yake. Alizaliwa Kipese, akafia Butembo, na maji makubwa kuliko yote aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa ya ziwa la Kyavinyonge, ambayo hayakumpendeza hata kidogo.

Kwenye matanga mtu anameza hasira yake pamoja na maharagwe. Lakini tuliporudi kutoka makaburini, nilipita uani na sinia ya vikombe, nikamsikia mzee Ananie akiwaambia vijana waliomzunguka: "Ule mama, Mungu amusamehe. Ni yeye alikufishaka mayi yetu." Vijana wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwaka huo wa elfu mbili na moja barabara zetu zilikuwa zimejaa tena vijana wanaomwagiwa mayi, maji ya dawa, kichwani kabla ya kwenda kupigana, kwa hiyo waliokaa pale walielewa vizuri sana mzee anasema nini.

Niliweka sinia chini. Nitasema nilichofanya. Lakini kwanza nitasema Orpa alikuwa nani, kwa sababu nimeona kwamba nikimwachia mchungaji na Ananie kazi hiyo, tutazika mtu mwingine.

Kipese ni milima tu. Mvua ikinyesha, majani ya mlimani yanateleza kama sabuni, na watoto wa enzi zake walikuwa wanabandua ganda la mgomba, lile nene lililojikunja, wanalikalia juu ya kilima na kuteremka nalo mpaka kijitoni. Wote walikaa. Orpa alisimama. Alikuwa na miaka kumi, akashuka kilima kizima wima juu ya ganda, mikono imetanda, mpaka jiwe la chini likamvunja jino la mbele. Mama yake alimchapa. Kesho yake mvua ilinyesha tena, naye akasimama tena, mdomo umevimba kama boga. Mdogo wake Jéthro, ambaye baadaye alikuja kuwa baba yangu, alishuka nyuma yake amekaa kwa matako yake kama watu wenye akili.

"Ukikala, ni weye unatembea," shangazi aliniambia mara nyingi. "Ukisimama, ni kilima inatembea. Hapana sawa."

Jino halikuota tena. Alikuwa na pengo pana katikati ya mdomo, na hakuwahi kuweka mkono mbele yake akicheka.

Jéthro alipopelekwa Butembo kusomea ualimu, Orpa alimfuata ili ampikie. Mchana hakuwa na kazi, akaingia chumba cha ushonaji cha misheni. Aliyewafundisha wasichana wa hapo alikuwa mke wa mmisionari, nao walimwita Madame tu. Sitamnyima haki yake: alifundisha vizuri. Mikono ya wasichana wale iliweza kutarizi kitambaa ambacho nyuma yake ni safi kama mbele yake. Lakini alikuwa na sheria zake. Picha ni za Madame: waridi, kikapu cha waridi, ndege kwenye tawi la waridi. Chini ya kila picha panashonwa neno jema, "Karibu Mgeni" au "Usingizi Mwema". Na jina la mshonaji halishonwi popote, kwa sababu majivuno ni dhambi. Vitambaa vilikwenda kuuzwa mbali, kwa faida ya misheni. Majivuno ya misheni yenyewe hayakuwa dhambi, naona.

Orpa alitii kwa mdomo. Kwa sindano hakutii. Upande wa ndani, kwenye pindo la kona, alishona kwa uzi mweupe kitu kidogo kama punje ya mchele. Ukiwa hujui, utasema ni fundo. Lilikuwa jino. Ndilo jina lake.

Siku moja Madame alileta uzi uliofungwa katika kurasa za gazeti la picha kutoka kwao. Orpa alikunjua ukurasa wake. Kulikuwa na maji marefu kuliko nyumba, yamesimama, yamejikunja juu kama jani changa la mgomba, na katikati ya maji hayo mwanamume asiye na shati alikuwa amesimama wima juu ya ubao, mikono imetanda. Wasichana wenzake walisema ni Petro. Mmoja akasema hapana, Petro alizama. Orpa alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu yeye peke yake katika chumba kile alijua mtu yule anafanya nini.

Alimwuliza Madame. Madame akasema ni bahari, na hilo ni wimbi, na vijana wa kwao wanaokaa pwani hucheza hivyo. Akautaja mchezo wenyewe kwa jina ambalo Orpa hakulishika.

"Na nani alimufundisha?" Orpa akauliza.

"Hakuna anayemfundisha mtu mchezo, Orpa. Leta ukurasa, tuendelee na waridi."

Orpa hakuleta. Aliuficha kwenye kikwembe chake, na kwa muda wa mwezi mzima, chini ya kitambaa cha waridi, alishona kitambaa kingine. Hakuwa na bluu ya kutosha, akachanganya na kijani na kijivu. Kila mstari wa maji alijaza kwa mishono mifupi iliyofuata mteremko, kama vile majani ya Kipese yanavyolala baada ya ganda kupita. Mtu aliyemweka juu ya maji hakuwa mzungu wala hakusimama juu ya ubao. Alisimama juu ya ganda la mgomba.

Madame alipokiona alikisogeza dirishani. Halafu akasema, "Lakini wewe hujaona bahari."

"Mais Madame, nilisimamaka juu yake. Kipese."

Madame alicheka, na cheko lile shangazi alilibeba mpaka kaburini. Kitambaa kikafungiwa kabatini, kwamba hakiuziki. Mwaka wa sitini ukaja, uhuru ukaja, na wiki mbili baadaye Madame akafunga mizigo. Orpa alikwenda kuomba kitambaa chake. Kabati lilikuwa wazi na tupu. Madame, mtu mwema, alikuwa amekichukua kwa ukumbusho wa Kongo, akawaachia wasichana sanduku la karatasi zenye michoro ya waridi. Kwa hiyo kwenye ukuta fulani ng'ambo kuna bahari ya Kipese, na kwenye pindo lake kuna jino, na hakuna anayejua ni jino la nani.

Sanduku lile Orpa alilitumia kuwashia moto. Baada ya hapo alishona kwa ajili yake mwenyewe.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Nasiba wa Beni, mjane wa mfanyabiashara, Mwislamu, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alitaka kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani mwa sebule.

"Babu yetu alitoka kwa bahari na miguu," Nasiba alimwambia. "Sisi yote hapa Beni tunasema bahari, bahari, mais hapana hata mumoja mwenye aliiona. Unishonee niione mbele nikufe."

Sasa, kwetu watu wengi wakisema bahari wana maana ya ziwa. Orpa, ambaye alitaka kuifanya kazi kwa haki, alipanda gari la wauza samaki akateremka mpaka Kyavinyonge kuitazama bahari yenyewe. Alikaa ufukweni siku mbili. Maji yamelala. Viboko wamelala ndani ya maji. Akarudi na harufu ya samaki na hasira. "Ile mayi ni muvivu," aliniambia. "Haisimame."

Kwa hiyo alirudi kwenye kilima chake. Alishona miezi mitano, na mara hii alikuwa na bluu ya kutosha. Chini aliweka neno, kwa sababu mazoea ni mazoea, lakini hakuweka neno jema la Madame. Aliweka: MAYI INASIMAMA. Jéthro, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye aliyempelekea Nasiba kitambaa huko Beni, naye Orpa akafuata wiki moja baadaye kusikia maneno.

Nasiba alikuwa amekaa mbele ya ukuta. "Orpa," akasema, "hii hapana bahari. Hii ni kilima ya Kipese, umeivalisha bluu."

Shangazi alifura. Alitaka kukitoa ukutani aondoke nacho. Nasiba akamshika mkono. "Iache. Ni mizuri. Hata babu angesimama hapa angetetemeka." Wakacheka wote wawili, na tangu siku ile wakawa marafiki, Mprotestanti wa mlimani na Mwislamu wa bondeni, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa dini yake.

Mwaka wa sitini na nne waasi walifika. Waliitwa Simba, nao wengi walikuwa vijana ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakichunga mbuzi. Mganga wao aliwamwagia maji, akawaambia kwamba risasi zitakazowajia zitageuka maji zikiwafikia. Kwa hiyo walipokwenda vitani walipiga kelele ya neno moja: mayi! Na walikuwa na miiko yao. Usitazame nyuma. Usiibe. Na mkubwa kuliko yote: usiguswe na mwanamke, wala dawa yako isiguswe na mwanamke. Mkono wa mwanamke unaua mayi.

Kamanda wao huko Beni alichagua kulala katika nyumba nzuri, yaani nyumba ya Nasiba. Akaingia sebuleni na bunduki yake akakuta ukutani maji marefu kuliko mtu, mtu amesimama juu ya maji na hazami, na chini yake neno mayi kwa herufi kubwa. Alikuwa mtu wa kutoka mbali na hakujua ganda la mgomba. Aliona kitu kirefu cha rangi ya kahawia chini ya miguu ya yule mtu akasema ni mgongo wa simba.

"Nani alifanya hii?" akauliza. "Huyu mutu iko juu ya simba, na mayi inamutii. Alifanya mwanaume ao mwanamuke?"

Nasiba aliwaza haraka. Mwanamke aliyegusa mayi anaweza kuuawa. Mwanamke mzuri anayeitwa kambini anaweza kupatwa na mengine. Akajibu, "Ni mwanaume. Fundi Jéthro, mwalimu wa Butembo." Alitaja jina la mwanaume lililokuwa karibu na ulimi. Alisema uongo kwa moyo mwema, na moyo mwema ndio uliomwua baba yangu.

Kamanda alipofika Butembo na watu wake, walimchukua Jéthro kutoka kwetu wakati wa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Mama yangu alikufa kwa kunizaa, na Orpa ndiye aliyenilea. Wakamfungia katika darasa lake mwenyewe na marobota ya mashati meupe na uzi wa bluu waliouchukua madukani, wakamwambia ashone mawimbi kifuani mwa kila shati. Baba yangu hakujua hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Angesema ukweli, wangemfuata Orpa. Akainama akasema sawa, lakini dada yake amletee chakula.

Hivyo ndivyo mashati yalivyotoka darasani. Asubuhi Orpa aliingia na kikapu cha ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akatoka na mashati matatu chini ya majani ya ndizi. Mchana kutwa alishona jikoni kwake, mimi mgongoni. Kesho yake yalirudi chini ya ugali. Mlinzi alipewa kipande cha nyama na hakuwahi kufunua majani. Siku kumi na moja, mashati thelathini na mawili. Kwa kila shati alishona mawimbi matatu, na ndani ya pindo, kwa uzi mweupe, jino.

Nilimwuliza siku moja, nikiwa msichana mkubwa, kwa nini aliweka jino kwenye kazi ambayo ingeweza kumwua. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapumua. "Kazi yangu ni yangu," akasema. "Hata kama ni ya bapumbafu."

Aliamini nini? Aliamini kwamba mashati yakiisha, Jéthro atafunguliwa. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Lakini siku ya kumi na mbili habari zilifika kwamba jeshi la serikali limepita Lubero na linapanda kuja Butembo, na kamanda akasema dawa haiwezi kwenda vitani bila mwenye dawa. Fundi atavaa shati la thelathini na mbili, naye atatangulia mbele ya wote.

Orpa alizisikia habari hizo sokoni, akaacha mboga zake juu ya meza ya watu akakimbia. Alipofika mwanzo wa barabara ya Lubero, vijana walikuwa wamepanga mstari nyuma ya lori, kila mmoja na mawimbi yake kifuani. Jéthro alikuwa mbele yao, mikono mitupu, amevaa shati. Alimwona dada yake, akalitazama shati, akatabasamu kidogo.

"Yaya," akamwita, kama wadogo wanavyomwita dada mkubwa, "hii ni Kipese, si vile?"

"Ni kilima ileile," Orpa akasema.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mji mzima umedanganya kwa miaka thelathini na saba. Orpa alijua kuna jambo moja tu linaloweza kuwazuia watu wale wasipande lori. Alijua pia kwamba jambo hilo linaweza kumwua. Akaenda kusimama mbele ya mstari, mimi mgongoni nalia, akapaza sauti.

"Mimi Orpa, mwanamuke, ni mimi nilishona hizi mashati! Zote! Huyu hajue hata kushika sindano!"

Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mama, toka, utatugusa."

"Nimekwisha kukugusa na hiyo shati. Geuza shati yako. Angalia ndani ya pindo, kona ya kushoto. Kuna jino." Halafu akafungua kinywa chake wazi kabisa, akawaonyesha pengo. "Ni hili!"

Kijana mmoja akageuza pindo. Akapiga kelele kana kwamba ameshika kaa la moto. Wa pili akageuza. Halafu wote walikuwa wanavua, wanachana vifungo, wanatupa mashati barabarani na kukimbia vifua wazi, mmoja kwenye migomba, mwingine kwenye mikalitusi, wengine huko mtoni. Kufumba na kufumbua barabara ilibaki na mashati thelathini na moja yamelala chini, na hakuna hata kijana mmoja.

Baba yangu hakukimbia kwa sababu kamanda alikuwa amemshika ukosi. Kamanda alimtazama Orpa, akamtazama Jéthro, akachagua. "Weye ndiye ulinidanganya," akamwambia Jéthro. "Twende tuone mayi ya dada yako." Wakampandisha lori na walinzi wachache wasiovaa mashati yale. Shangazi alilishika lori kwa mikono yake miwili mpaka likamwangusha.

Jioni hiyo wanawake wa soko la Musienene walimleta baba yangu amekufa, kwenye kipoyi, ile machela ya miti. Shati lilikuwa na matundu matatu. Watu wanabishana mpaka leo kama ni risasi za jeshi au za kamanda. Mimi sijali zilikuwa za nani. Zote zilipita.

Vijana thelathini na mmoja walirudi makwao mmoja mmoja, usiku na mchana, wakajificha kwa mama zao, wakapona. Na wakishapona wakaanza kuongea. Mwanamume hawezi kusema nilikimbia. Anasema: tungewapiga, tungefika mpaka Goma, lakini mwanamke aliua mayi yetu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nasema punda wamesingiziwa. Mji ulishika neno la hao waliokimbia. Orpa akipita sokoni walimwita "mufungua-kinywa". Hakuna mtu wa Butembo aliyeagiza kwake tena hata kitambaa cha kufunika sahani. Na hawa waliokuwa wakinong'ona, nusu yao walikuwa mama za vijana waliopona!

Nasiba alikuja kutoka Beni analia, anajipiga kifua, kwamba yeye ndiye aliyetaja jina. Shangazi alimpa kiti, hakumpa neno. Miaka mitatu hakumpa neno. Mwaka wa nne alimpelekea kitambaa kipya cha bahari bila barua, na Nasiba akaelewa. Baada ya hapo ni Beni iliyotulisha. Maharusi wengi wa Kiislamu wa Beni wamelala chini ya kilima cha Kipese bila kujua. Ndiyo pesa iliyonisomesha mimi, Kavira, binti Jéthro, ninayewaambia haya.

Na Orpa alishona mpaka vidole vikakataa. Wimbi la mwisho halikuisha. Liko hapa kwangu, na sindano ingali imechomekwa ndani yake. Hakuwa mpole. Wasimwambie mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na hasira kila siku ya Mungu, na hasira hiyo aliipitisha kwenye tundu la sindano kwa sababu hakukuwa na tundu lingine.

Basi, tulikuwa uani, na Ananie amesema alichosema.

Niliingia ndani nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda cha marehemu. Nililikokota mpaka katikati ya uwanja, watu wakanipisha wakidhani naleta vyombo. Nikalifungua. Siku ile ya barabarani, kabla ya kipoyi kufika, Orpa aliamka kutoka mavumbini akaokota mashati yote, moja baada ya jingine, akayafua, akayakunja. Yalikuwa humo miaka thelathini na saba, meupe bado, na yananukia mwarobaini.

Nilianza kuyatandika kwenye mkeka mbele ya mzee Ananie. Mchungaji alisimama na kikombe chake hewani.

"Baba Ananie," nikasema, "tafuta yako."

"Kavira, mutoto yangu, hii hapana siku yake."

"Ni siku yake. Tafuta yako."

Alikuwa na aibu mbele ya vijana, akainama. Aligeuza moja, la pili, la tano. La tisa lilikuwa limechanika ukosi, na kifungo cha juu hakikuwepo. Mkono wake ulisimama hapo. Mtu hasahau nguo aliyoivua kwa kuichana.

"Ni hii?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa tafuta tundu."

Hakuelewa. Nikalirudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, sauti ya kusimamisha lori. "Tafuta tundu ya risasi, baba! Muzazi wa batoto tisa, babu ya bajukuu sijui ngapi! Angalia kifua, angalia mugongo, angalia mikono. Tafuta!"

Aliligeuza shati. Aliliinua kwenye mwanga, na mwanga haukupita popote. Niliona vidole vyake vya uzee vikipita juu ya mawimbi matatu ya bluu, vikashuka kwenye pindo, vikasimama kwenye jino. Vijana waliomzunguka walikuwa wanatazama shati, halafu wanamtazama yeye.

Nikatoa shati la thelathini na mbili kutoka chini kabisa ya sanduku, nikamwekea magotini. Kwenye lile hakuhitaji kutafuta tundu.

Alikaa na shati moja mkononi, jingine magotini. Mwishowe akatazama upande wa chumba alimokuwa amelazwa marehemu, akasema kwa Kinande neno moja, lile la shukrani, kwa sauti ndogo sana.

"Wasingya."

Nikamwambia asimame aliseme tena, watu wa kule nyuma hawakusikia.